Wanawake Waliochora Maisha ya Vipepeo: Somo la Uchunguzi kwa Rangi za Maji

Mwanafunzi yeyote wa biolojia katika shule ya sekondari aweza kuchora mzunguko wa maisha ya kipepeo. Huchora duara, akaweka juu yake yai, kiwavi, pupa na kipepeo kamili, kisha akaviunganisha kwa mishale minne. Mchoro huo ni sahihi, na mwalimu hana budi kuupa alama zake. Walakini, ukimwuliza mwanafunzi huyo yai lile limetagwa juu ya jani la mti gani, au kiwavi yule anakula nini, aghalabu hana jibu. Mchoro aliounakili kutoka ubaoni haukuwa na mmea wowote. Kipepeo wake anaishi katika karatasi tupu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanawake wachache, kati ya mwaka 1660 na mwaka 1940, walivyoufanya uchoraji wa vipepeo kuwa njia ya utafiti. Hawakuwa na shahada za vyuo vikuu, na wengine waliishi wakati ambapo milango ya vyuo hivyo ilikuwa imefungwa kwa wanawake. Lakini walichora kile ambacho wataalamu wengi wa nyakati zao walikiacha, yaani maisha yote ya mdudu, kutoka yai hadi kipepeo, pamoja na mmea anaoutegemea. Mwishoni mwa makala pana zoezi ambalo shule yoyote yenye mlimau au mchungwa uani yaweza kulifanya.

Kwa nini kuchora?

Njia ya kawaida ya kumhifadhi kipepeo ni kumkausha na kumchoma pini. Mabawa yake yamefunikwa kwa magamba madogo mno, na rangi ya magamba hayo, ikikingwa na mwanga na unyevu, hudumu kwa miaka mingi. Ndiyo sababu majumba ya makumbusho yamejaa vipepeo wakavu waliopangwa kwa safu.

Kiwavi hana bahati hiyo. Mwili wake ni laini na umejaa maji. Akikaushwa husinyaa, na akitiwa katika spiriti rangi zake hufifia. Nalo yai ni dogo kuliko kichwa cha pini, na likishaanguliwa hubaki kipande cha ganda, au halibaki kitu kabisa. Kwa hiyo, kabla ya picha za kamera zenye rangi kuenea katika karne ya 20, mtu aliyetaka kuihifadhi sura ya kiwavi aliye hai hakuwa na njia bora kuliko kumchora.

Rangi za maji zilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu tatu. Kwanza, hukauka upesi. Na jambo hili ni muhimu, kwa kuwa kiwavi aweza kujivua ngozi usiku mmoja na kuamka na rangi nyingine. Pili, vifaa vyake ni vyepesi, hivyo mchoraji aweza kuvichukua porini. Tatu, huweza kupakwa kwa matabaka membamba, tabaka la chini likaonekana kupitia la juu, na kwa brashi nyembamba unywele mmoja mmoja wa kiwavi ukaweza kuonyeshwa.

Kulikuwa na sababu nyingine isiyotokana na sayansi. Katika miji kadhaa ya Kijerumani ya karne ya 17, ukiwamo Nuremberg, kanuni za vyama vya mafundi ziliwazuia wanawake kuchora na kuuza picha za rangi za mafuta. Rangi za maji waliachiwa. Wengine hudhani kwamba wanawake walichagua wadudu wadogo na rangi za maji kwa kuwa ni wapole na wavumilivu kwa maumbile. Ni sahihi zaidi kusema kwamba walikamata chombo walichoruhusiwa kukishika, wakafanya nacho kazi ambayo wenye vyombo vyote hawakuifanya.

Maria Sibylla Merian na viwavi wa hariri

Maria Sibylla Merian alizaliwa Frankfurt mwaka 1647. Baba yake, Matthäus Merian, alikuwa mchongaji wa picha na mchapishaji wa vitabu, naye alifariki binti yake akiwa na umri wa miaka mitatu. Mama yake aliolewa na mchoraji wa maua, Jacob Marrel, ambaye ndiye aliyemfundisha mtoto huyo kuchora.

Mwaka 1660, akiwa na umri wa miaka 13, alianza kuwafuga viwavi wa hariri na kuandika alichokiona. Baadaye akawatafuta viwavi wengine bustanini na kandokando ya njia, akawaweka ndani ya visanduku na kuwapa majani kila siku, huku akiwachora katika kila hatua. Michoro yake ya awali aliifanya juu ya vipande vidogo vya ngozi ya ndama iliyolainishwa, na kando yake akaandika tarehe na chakula cha kila kiwavi. Daftari hilo la uchunguzi limehifadhiwa mjini St Petersburg, nchini Urusi.

Ili kuielewa thamani ya kazi hiyo, hatuna budi kukumbuka hali ya elimu wakati ule. Watu wengi, hata wasomi, waliamini kwamba wadudu huzaliwa wenyewe kutokana na matope, kinyesi au nyama iliyooza. Mwaka 1668 Francesco Redi wa Italia alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mabuu hayatokei katika nyama ikiwa inzi wamezuiwa kuifikia. Merian alikuwa ameanza uchunguzi wake miaka minane kabla ya hapo. Si kwamba yeye ndiye wa kwanza kujua kuwa kiwavi hugeuka kipepeo. Wafugaji wa hariri walilijua hilo tangu kale, na mchoraji Johannes Goedaert wa Uholanzi alikwisha kuchapisha picha za mageuzi ya wadudu. Jambo jipya alilolifanya Merian ni kuunganisha. Katika karatasi moja aliweka yai, kiwavi, pupa na kipepeo, vyote juu ya mmea ambao kiwavi huyo alikuwa akiula.

Sehemu ya kwanza ya kitabu chake juu ya viwavi ilitoka mwaka 1679, ikiwa na picha 50. Sehemu ya pili ilifuata mwaka 1683, nayo ikiwa na picha 50. Aliandika kwa Kijerumani, wala si kwa Kilatini, hivyo hata watu wasiosoma vyuoni waliweza kukifuata.

Tena, hakuficha matokeo yaliyomshangaza. Mara nyingine pupa aliyoitunza kwa majuma kadhaa haikutoa kipepeo, bali ilitoa inzi au nyigu wadogo. Leo tunajua kwamba hao ni wadudu wa kimelea, ambao hutaga mayai yao juu ya kiwavi au ndani yake, na mabuu wao humla kiwavi huyo akiwa hai. Merian hakuwa na maelezo kamili ya jambo hilo, lakini aliwachora inzi na nyigu hao palepale pamoja na kiwavi waliyetoka kwake. Mwenye kutafuta picha nzuri tu angewatupa.

Safari ya Suriname

Mwaka 1691 Merian alihamia Amsterdam. Huko aliona makusanyo ya vipepeo wakubwa walioletwa kutoka nchi za joto, wakiwa wakavu na wamechomwa pini. Walikuwa wa kupendeza, lakini hakuna aliyejua viwavi wao wala majani waliyokula. Mwezi Juni mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alipanda merikebu pamoja na binti yake mdogo, Dorothea Maria, kwenda Suriname katika Amerika ya Kusini. Hakutumwa na serikali wala kampuni. Gharama alizitafuta mwenyewe, na kwa ajili hiyo aliuza picha zake nyingi.

Suriname ilikuwa koloni la Waholanzi, na utajiri wake ulikuwa sukari iliyolimwa na watumwa waliotekwa kutoka Afrika. Merian aliandika kwamba wenye mashamba walimcheka kwa kutafuta kitu kingine kisichokuwa sukari. Hapa inafaa kusema ukweli wote. Yeye mwenyewe alihudumiwa na watumwa. Hao ndio waliomtangulia msituni na mashoka ili kumfungulia njia, na baadhi yao, pamoja na wenyeji wa asili wa nchi ile, walimletea wadudu na kumweleza matumizi ya mimea. Kitabu chake kinakiri msaada huo, lakini hakiwataji watu hao kwa majina. Mwanafunzi wa historia ya sayansi aangalie sana jambo hili: elimu nyingi iliyoandikwa kwa jina la mtu mmoja ilipita kwanza mikononi mwa watu wasioandikwa.

Maradhi yalimlazimisha kurudi Ulaya mwaka 1701. Mwaka 1705 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya mageuzi ya wadudu wa Suriname, chenye picha 60, kwa Kiholanzi na kwa Kilatini. Msomaji wa Afrika Mashariki akikifungua kitabu hicho hatajiona mgeni kabisa, kwa maana ataona nanasi, muhogo, mgomba na mpera, kila mmoja ukiwa na viwavi na vipepeo wake. Katika maelezo ya kipepeo mmoja wa buluu, Merian anasema kwamba magamba ya bawa lake, yakitazamwa kwa kioo cha kukuzia, yanafanana na vigae vilivyopangwa juu ya paa. Kila mwanafunzi aliyewahi kuweka bawa la kipepeo chini ya hadubini atakubaliana naye.

Picha inayoweza kupimwa

Mojawapo ya picha hizo inaonyesha buibui mkubwa juu ya tawi la mpera akimla ndege mdogo. Katika karne ya 19 baadhi ya wataalamu waliikejeli picha hiyo, wakasema ni hadithi ya kubuni. Lakini mwaka 1863 Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekaa miaka 11 katika bonde la mto Amazon, alichapisha habari za buibui wa aina hiyo aliyemwona na ndege wadogo aliowanasa. Picha ya mpera ikapata shahidi.

Hii haina maana kwamba Merian hakukosea. Katika picha chache aliunganisha kiwavi na kipepeo wasiohusiana, na alikubali habari kwamba mdudu mmoja wa Suriname hutoa mwanga kichwani, jambo ambalo si kweli. Zaidi ya hayo, baada ya kifo chake mwaka 1717, wachapishaji waliongeza picha 12 katika toleo la mwaka 1719, na baadhi ya nyongeza hizo zililiharibia jina lake. Hata hivyo, makosa hayo yamejulikana kwa sababu gani? Kwa sababu picha ilisema wazi: kiwavi huyu, mmea huu, kipepeo huyu. Mtu mwingine aliweza kwenda, akafuga kiwavi yuleyule, akalinganisha. Maelezo yanayoweza kupimwa na kukanushwa ndiyo sayansi inayoyahitaji, na Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya viumbe, alizitegemea picha za Merian katika kuwataja wadudu wengi.

Madada wa Ash Island

Njia hiyohiyo ilifuatwa Australia katika karne ya 19. Harriet Scott, aliyezaliwa mwaka 1830, na mdogo wake Helena, aliyezaliwa mwaka 1832, waliishi na wazazi wao katika kisiwa cha Ash, kwenye mto Hunter. Walikusanya viwavi wa vipepeo na nondo, wakawafuga, wakaandika maendeleo yao na kuwachora kwa rangi za maji pamoja na mimea yao. Mwaka 1864 michoro yao ilichapishwa London katika kitabu juu ya vipepeo na nondo wa Australia na mageuzi yao. Jina la mwandishi lilikuwa la baba yao, Alexander Walker Scott. Mwaka huohuo chama cha wataalamu wa wadudu cha New South Wales kiliwapa madada hao uanachama wa heshima.

Baba yao alifilisika mwaka 1866. Tangu hapo kuchora hakukuwa tena shughuli ya nyumbani isiyo na malipo. Kukawa ndiko riziki yao, wakichorea vitabu vya watu wengine. Michoro yao ya asili imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Sydney.

Margaret Fountaine na viwavi wa Afrika

Margaret Fountaine wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1862, alisafiri katika mabara mengi akitafuta vipepeo. Wenzake wengi walikimbiza vipepeo kwa wavu, wakachagua walio wazuri. Yeye alipendelea kumtazama kipepeo jike hadi atage, akalichukua yai pamoja na jani lake, kisha akamlea kiwavi mpaka atoke kipepeo ambaye mabawa yake hayajararuka. Njia hii ina faida mbili: hutoa kipepeo kamili, na humlazimisha mtafiti kuujua mmea.

Mwaka 1908 na 1909 alifanya kazi hiyo Afrika Kusini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1911 katika jarida la chama cha wataalamu wa wadudu cha London, yakiwa na maelezo na picha za viwavi na pupa za vipepeo wa Afrika Kusini ambao hatua hizo za maisha yao zilikuwa hazijulikani, au zilijulikana kidogo tu. Vipepeo wenyewe walikuwa wamekwisha kupewa majina, lakini utoto wao haukuwa umeandikwa.

Fountaine alifariki mwaka 1940 katika kisiwa cha Trinidad, akiwa na umri wa miaka 77, na hadi mwisho alikuwa bado akienda porini na wavu wake. Mkusanyiko wake wa vipepeo wapatao 22,000 uko katika jumba la makumbusho la Norwich, na unaitwa kwa jina lake pamoja na la Khalil Neimy, aliyekutana naye Damascus mwaka 1901, ambaye alifuatana naye katika safari nyingi. Daftari zake za michoro ya viwavi ziko London.

Mmea una maana gani kwetu?

Huenda msomaji akauliza kama hayo yote ni mambo ya kale yasiyotuhusu. La, sivyo. Kipepeo aliyekwisha kupevuka hunyonya asali ya maua ya namna nyingi, lakini kiwavi aghalabu ni mchaguzi. Viwavi wa aina nyingi hula mmea mmoja tu au mimea michache ya ukoo mmoja, na wakikosa mmea huo hufa njaa katikati ya majani mabichi. Kwa hiyo ukikata miti ya aina fulani, umewaondoa vipepeo wake, hata kama bustani zimejaa maua.

Mfano wa karibu ni mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 katika pwani ya Kenya, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakulima walifundishwa kufuga viwavi na kuuza pupa, ambazo hupelekwa nchi za ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mkulima hawezi kuuza pupa asipoujua mmea wa kiwavi, wala hawezi kuupata mmea huo msitu ukiisha. Ujuzi aliouchora Merian juu ya ngozi ya ndama ndio huohuo unaomwezesha mkulima huyo kuuona msitu uliosimama kuwa na thamani kuliko msitu uliokatwa.

Zoezi: kipepeo wa michungwa

Kipepeo wa michungwa, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus, ni mweusi mwenye mabaka ya manjano hafifu, na hupatikana katika sehemu nyingi za Afrika. Fuata hatua hizi:

1. Chunguza majani machanga ya mlimau au mchungwa. Tafuta yai dogo la mviringo, la rangi ya manjano hafifu, lililotagwa peke yake. Kata kitawi chenye yai hilo.

2. Weka kitawi ndani ya kichupa cha maji kilichozibwa kwa pamba ili kiwavi asizame. Tia vyote katika chombo kikubwa, ufunike kwa kipande cha chandarua. Badilisha majani kila siku, nayo yawe hayajapuliziwa dawa.

3. Kila siku, kwa saa ileile, pima urefu wa kiwavi kwa rula na umchore. Ikiwa shule haina rangi za maji, chora kwa penseli na uandike jina la rangi ya kila sehemu. Andika tarehe.

4. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani. Mguse polepole kwa unyasi. Nyuma ya kichwa chake hutokeza kiungo laini chenye umbo la panda na harufu kali. Kichore upesi, kwa kuwa hukirudisha ndani mara moja.

5. Atakapokaribia kuwa pupa, ongeza kijiti kikavu ndani ya chombo. Angalia anavyojifunga kwa uzi wa hariri, na uandike rangi ya pupa na ya kitu alichojishikiza.

6. Akitoka kipepeo, mchore kisha umwachilie. Wakitoka nyigu badala yake, usiseme kwamba zoezi limeshindikana. Wachore nyigu hao pamoja na kiwavi waliyetoka kwake.

7. Mwisho, panga michoro yote katika karatasi moja, juu ya tawi la mlimau.

Maswali

1. Eleza kwa nini ni vigumu kumhifadhi kiwavi kwa njia inayotumika kumhifadhi kipepeo.

2. Kiwavi mchanga anayefanana na kinyesi cha ndege anapata faida gani?

3. Mkulima wa malimau humwona kiwavi huyu kuwa ni adui, na mtunza bustani humwona kipepeo wake kuwa ni pambo. Wape ushauri wote wawili, ukitumia michoro yako kuwa ushahidi.

4. Linganisha karatasi yako na duara la mishale minne lililo katika daftari lako la masomo. Taja mambo ambayo duara lile halikuweza kukuambia.